Twiga Anayetembelea Visigino, na Maswali Mengine ya Kwato

Barua za safari hii zimetoka Lamu na Malindi, na zote zahusu miguu ya wanyama. Tumeanza na ile ya twiga kwa sababu ndiyo nzito zaidi, lakini wenye punda na mbuzi waisome pia. Ukwato ni ukwato: unaota, unalika, na unaharibika kwa sababu zinazofanana.

SWALI: Nafanya kazi kwenye bustani ndogo ya wanyama karibu na Malindi. Tuna twiga wawili na pofu watatu (wale swala wakubwa), wote kwenye boma la mchanga laini. Twiga dume kwato zake za mbele zimerefuka mpaka zimepinda juu kama makubadhi, na sasa anatembelea visigino. Wageni humpa mkate na ndizi, nasi humpa pumba za mahindi jioni. Mwenye bustani ataka aletwe daktari, twiga apigwe sindano ya usingizi, kwato zikatwe zote siku moja, mambo yaishe. Je, ni sawa? (Mtunza wanyama, Malindi)

JIBU: Sindano isiwe hatua ya kwanza, na kukata zote siku moja si sawa hata kidogo. Tueleze kwanza kinachotokea ndani ya ukwato.

Twiga ana vidole viwili kila mguu, na kila kidole kimevaa ukwato wake. Ndani ya ukwato mna mfupa mdogo wenye ncha, umeshikwa na ukuta wa ukwato kwa nyama laini yenye damu nyingi. Ncha ya ukwato ikirefuka, mnyama hawezi tena kukanyagia mbele, basi uzito unarudi kisigino. Mishipa ya nyuma ya mguu inavutika, viungo vinakaa vibaya, na ule mfupa mdogo wa ndani unaweza kuvunjika. Hayo yameonekana mara nyingi kwa twiga wa bustani za wanyama duniani, pamoja na ugonjwa wa viungo unaowapata wakiwa bado hawajazeeka. Ukimkata zote kwa siku moja, mishipa iliyozoea mkao mbaya kwa miaka inalazimishwa mkao mpya ghafla, na kesho yake atachechemea kuliko jana.

Sababu mmezitaja wenyewe kwenye barua: mchanga na chakula. Twiga wa porini hutembea mchana kutwa juu ya mawe na udongo mgumu, na ukwato hulika kadiri unavyoota. Kwenye boma la mchanga laini hakuna cha kuusugua. Ama mkate, ndizi na pumba, hivyo vina wanga mwingi. Twiga hula majani, na tumbo lake la kucheua limeumbwa kwa majani. Wanga ukizidi, tumbo linakuwa na asidi, na sumu zitokazo humo hushambulia ile nyama laini ya ndani ya ukwato. Nyama ikivimba, ukwato huota ovyo, wenye mikunjo, laini na mrefu. Kwa hiyo hata mkikata vizuri namna gani, bila kuondoa hayo mawili, baada ya miezi michache mtarudi pale pale.

Anzeni na chakula wiki hii. Mkate na ndizi vikome kabisa, na wageni wapewe matawi ya kulisha badala yake. Pumba zipunguzwe kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi tatu, kwa sababu tumbo la kucheua halipendi mabadiliko ya ghafla. Wapeni matawi ya mgunga, mkunazi na mlonge kwa wingi, na majani makavu ya lusini ikiwa mnaweza kuyapata. Yaninginizwe juu, si chini.

Kisha ardhi. Msimwage saruji boma zima. Hilo ni kosa la upande wa pili: vifaru wa Kihindi waliofugwa kwenye sakafu ngumu bila bwawa la matope wamejulikana kwa miaka mingi kwa nyayo zinazopasuka na vidonda visivyopona. Mnachohitaji ni sehemu ngumu pale mnyama anaposimama na kupita kila siku, na mchanga ubaki pale anapolala. Twiga husimama muda mrefu penye chakula, basi hapo ndipo pa kuanzia: ukanda wa saruji wenye upana wa mita 3, kutoka penye matawi hadi penye maji. Changanyeni saruji ndoo 1, mchanga ndoo 2, kokoto ndoo 4. Kabla haijakauka, pitisheni fagio gumu ili uso ukwaruze, tena mkato uwe wa kukingama na njia, si wa kufuatana nayo, na mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita ili maji yatoke. Tunasisitiza mikwaruzo kwa sababu twiga akiteleza miguu ikapanuka, mara nyingi hainuki tena. Wengine hapa pwani humwaga vipande vya matumbawe kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Vikiwa vikubwa na vyenye makali vitamkata wayo. Vikitumika, vichekechwe vibaki vidogo chini ya sentimita 1, kisha vishindiliwe.

Sasa kukata. Njia bora ni kumfundisha twiga atoe mguu mwenyewe. Huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, na inafanyika kwa mafanikio katika bustani nyingi za Ulaya na Marekani. Kazi ifanywe na watu wawili, wote nje ya kizuizi imara: mmoja juu na majani, mwingine chini penye mguu. Msiingie ndani naye. Twiga hupiga teke kwa miguu ya mbele na ya nyuma, na teke hilo huua simba.

Mwanzo, mfundisheni kugusa kwa pua fimbo yenye mpira mwekundu mwishoni. Akigusa, pigeni filimbi ndogo papo hapo, kisha apewe jani. Filimbi ndiyo inayomwambia ni kitendo kipi kimemletea chakula. Ikichelewa kidogo tu atakuwa ameshafanya jambo jingine, na ndilo atakalolikariri. Akishajua hilo, mguseni mguu kwa fimbo ndefu yenye kitambaa, kuanzia juu kushuka hadi kwenye ukwato. Halafu wekeni gogo lenye kimo cha sentimita 10 hadi 15, bapa juu, kwenye uwazi wa chini ya kizuizi, na kila akisogeza mguu karibu nalo apewe filimbi na jani. Akishapanda juu yake na kutulia hesabu ya 30, leteni tupa ya kwato aione, aisikie, kisha ipite mara moja tu. Kila kipindi dakika 5 hadi 10, na kiishe yeye bado ana hamu. Akiondoa mguu, mwacheni auondoe. Siku mtakayoushika kwa nguvu ndiyo siku mtakayorudi mwanzo.

Mnapokata, ondoeni tabaka jembamba kutoka chini ya ncha, si kuikata ncha kwa mbele kama ukucha wa mtu. Kila baada ya tabaka, bonyezeni wayo kwa kidole gumba. Ukianza kubonyea, au rangi ikiwa ya waridi, mmefika mwisho, acheni. Punguzeni kidogo, rudieni baada ya wiki tatu au nne, mara tatu au nne, mpaka mguu ukae sawa. Pigeni picha ya ubavuni kila mwezi, rula ikiwa imesimamishwa kando ya ukwato. Jicho husahau, picha haisahau.

Sindano ya usingizi ibaki kwa mnyama anayechechemea, anayetoka usaha, au ambaye kidole kimegeuka. Hapo ni kazi ya daktari wa wanyamapori pamoja na KWS, yaani shirika la wanyamapori la Kenya, maana wanyama hao wako chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Dawa inayotumika sana, etofini, ina nguvu maelfu ya mara kuliko mofini, na tone moja likimwingia mtu laweza kumuua. Twiga mwenyewe yumo hatarini: shinikizo lake la damu ni kubwa, anaanguka kutoka juu, na chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni kikaingia mapafuni. Kwa hiyo kichwa lazima kishikwe juu ya usawa wa tumbo muda wote. Ikiwa hapana budi alazwe, muombeni daktari apige na picha ya eksirei ya vidole, kwa kuwa nafasi ya namna hiyo hairudi kirahisi.

Pofu hawafundishiki kwa urahisi hivyo. Wajengewe kipito chembamba chenye kuta zisizopenya mwanga, walishwe humo kila siku hata siku isiyo na kazi. Kazi ifanywe alfajiri. Swala mkubwa akikimbizwa kwenye joto la Malindi, misuli yake huharibika na anaweza kufa siku kadhaa baadaye. Pimeni joto la mwili kila dakika 5. Likifika nyuzi 40 mwagieni maji, acheni kazi.

SWALI: Assalaam aleikum. Punda wangu jana alibeba mchanga vizuri kutoka ufukoni. Leo asubuhi mguu wa nyuma wa kushoto hataki hata kuugusisha chini. Sioni kidonda wala uvimbe. Jirani asema mfupa umevunjika, achinjwe. (Msomaji wa kike, Langoni, Lamu)

JIBU: Waaleikum salaam, dada yetu. Usikimbilie kumkatia tamaa. Punda aliyekuwa mzima jana na leo mguu haugusi chini, bila kidonda, mara nyingi ana jipu ndani ya ukwato. Usaha hauna pa kutokea kwa sababu ukwato hautanuki, na ndiyo maana maumivu yake yanafanana na ya mfupa uliovunjika. Tena punda huficha maumivu; akionyesha hivi, ujue yanamuuma sana.

Shika kwato zote mbili za nyuma kwa viganja, uone kama huo mmoja una joto zaidi. Weka vidole juu kidogo ya kisigino, pande zote mbili za mguu: mshipa ukidunda kwa nguvu kuliko mguu wa pili, hiyo ni dalili nyingine ya jipu. Kisha mwite daktari wa mifugo, au mpeleke hospitali ya Donkey Sanctuary iliyopo mjini Lamu tangu 1987, ambako punda hutibiwa bure. Asitembezwe mwendo mrefu. Ukiweza kumleta daktari hapo punda alipo ni bora.

Utakachokiona akifanya ni hiki. Ataosha wayo na kuukwangua mpaka uwe mweupe, kisha atafuata mstari mweupe, yaani ule mshono kati ya wayo na ukuta wa ukwato. Hapo hutafuta doa jeusi. Atalifuata kwa ncha ya kisu mpaka yatoke maji ya kijivu au meusi yanayonuka. Tundu halihitaji kuzidi unene wa kidole. Fundi anayefungua wayo nusu nzima ili "usaha utoke wote" anakuachia punda wa kuuguza miezi. Ikitoka damu kabla ya usaha, mkono usimame, ukwato ufungwe dawa ya kulainisha, ujaribiwe tena kesho.

Kazi yako ya nyumbani ni kuloweka na kufunga. Chukua maji ya vuguvugu lita 4, tia chumvi ya haluli gramu 500, loweka ukwato dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku, kwa siku mbili, tatu zikizidi. Usizidishe, maana ukwato uliolowa sana hulainika na kuingiza uchafu mwingine. Kausha, jaza tundu kwa pamba yenye ayodini, funga nepi ya mtoto juu ya ukwato wote, zungushia utepe mpana wa gundi, kisha vika kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu ili isitoboke kwenye mawe. Utepe usipande ukabana pale manyoya yanapoanzia, kwani hapo ndipo ukwato unapozaliwa, na ukikosa damu utaota na ufa. Badilisha kila siku. Usaha ukishatoka, nafuu huonekana ndani ya siku moja au mbili. Siku ya tatu ikipita bila nafuu, au uvimbe ukipanda mguuni, mrudishe upesi, huenda umeingia kwenye kiungo au mfupa. Mizigo asibebe mpaka tundu liwe limekauka na kuwa gumu, kwa kawaida siku 7 hadi 10.

Muulize daktari kuhusu chanjo ya pepopunda. Jamii ya farasi na punda hushikwa nayo upesi kuliko mifugo mingine, na tundu la wayo ndio mlango wake hasa.

Ukikuta msumari umemchoma, na haumzuii kusimama, usiung'oe kabla daktari hajauona. Pembe na kina chake ndivyo vinavyomwambia umefika wapi. Ikiwa kila akikanyaga unazidi kuingia, ung'oe, lakini kwanza piga picha, na tundu liwekee alama ya kalamu.

Chanzo? Tazama ncha ya kwato zake. Ncha ndefu hufanya kazi ya nyenzo: kila hatua inauvuta ukuta mbali na wayo, mstari mweupe unafunguka, na chembe ya mchanga inapenya. Wakati wa masika, zizi likiwa na mkojo na samadi, ukwato ni laini na jambo hilo ni rahisi zaidi, na ukwato wa punda uliumbwa kwa nchi kavu. Umkate kwato kila wiki 6 hadi 8, umwinulie mahali pakavu pa kulala, uchokonoe nyayo zake kila jioni akitoka kazini. Fundi asimlinganishe na farasi: ukwato wa punda umesimama wima zaidi, na akiulaza ufanane na wa farasi amemharibia.

SWALI: Tuna mbuzi 40 na kondoo wachache kando ya mto Sabaki. Tangu mvua zianze wanachechemea, wengine wanalisha kwa kupiga magoti, na katikati ya vidole panatoa harufu mbaya. Mrututu (salfeti ya shaba) wa kuogeshea miguu watiwa kiasi gani? (Mfugaji, Malindi)

JIBU: Gramu 500 za mrututu kwa lita 10 za maji. Kwa josho la miguu lenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 40 na kina cha maji sentimita 6, hizo ni lita 48, basi mrututu kilo 2.4. Lijenge kwa saruji au tumia plastiki. Chombo cha chuma hula shaba iliyo ndani ya mrututu, dawa ikabaki maji ya rangi tu.

Kabla ya josho, wanyama wanywe maji washibe, na miguu ipitishwe kwenye maji matupu kuondoa tope na samadi, kwa kuwa samadi huidhoofisha dawa. Wakitoka, wasimame mahali pakavu pagumu kwa saa nzima. Ukiwarudisha kwenye tope mara moja umemwaga pesa. Kondoo wasiachwe kuonja maji hayo hata kidogo, shaba huwaua kwa urahisi kuliko mbuzi. Kwa kundi lenye kondoo sisi tungechagua salfeti ya zinki, kilo 1 kwa lita 10, wasimame humo dakika 10 hadi 15. Maji yaliyobaki ya mrututu yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima, yanaua samaki.

Ikiwa ni wekundu tu kati ya vidole bila harufu, josho peke yake laweza kutosha. Harufu mbaya, na ukwato kuachana na nyama, ni ugonjwa wa kuoza kwato, na hao wahitaji sindano ya oksitetrasaiklini kutoka kwa daktari pamoja na josho. Msiwakatekate wakati huo. Zamani ilishauriwa kukata mpaka sehemu zote zilizooza zitoke. Leo inajulikana kwamba kukata ukwato mgonjwa kunachelewesha kupona, na kisu kinasambaza ugonjwa kwa anayefuata. Kateni wakishapona, na kisu kichovywe kwenye dawa kila baada ya mnyama. Bakteria wa ugonjwa huu hawaishi muda mrefu nje ya ukwato, kwa hiyo malisho yaliyoachwa bila mifugo wiki tatu yanakuwa salama. Mbuzi anayenunuliwa sokoni akae peke yake siku 30 kwanza. Na anayeugua tena na tena hata baada ya matibabu, auzwe kwa nyama muda wa dawa ukishapita.

SWALI: Je, oili chafu ya gari husaidia kwato zilizopasuka? (Shela, Lamu)

JIBU: La. Huunguza ngozi ya juu ya ukwato, mnyama huilamba, na uchafu ulioko ndani ya ufa hufungiwa humo. Ufa mwingi wa wima hutokana na ukwato mrefu. Ukatwe na ulinganishwe. Ufa unaoanzia juu kwenye manyoya, au unaotoa damu, uonwe na daktari.

SWALI: Punda wa mkokoteni mjini Malindi avishwe viatu vya chuma? (Maweni)

JIBU: Wengi hawahitaji. Ukuta wa ukwato wa punda hauna nafasi kubwa ya misumari, na fundi asiye mzoefu hugonga kwenye nyama. Kiatu kinafaa pale tu ambapo lami inakula ukwato upesi kuliko unavyoota, punda akaanza kukanyaga kwa tahadhari. Kabla ya hapo, mpunguzieni mzigo na mumpe siku za kupumzika kwenye udongo.

SWALI: Usiku wa kuamkia leo punda amekata kamba akala karibu nusu gunia la mahindi. Anaonekana mzima. Nifanye nini? (Matondoni, Lamu)

JIBU: Umetuandikia na siku zimepita, kwa hiyo tunawajibu na wengine watakaopatwa na hili. Daktari aitwe saa hiyo hiyo, punda akiwa bado anaonekana mzima. Kuvimba kwa nyama ya ndani ya ukwato hufuata siku moja hadi tatu baada ya kula, na ukishamuona anasimama kama aliyekanyaga makaa, amejiegemeza nyuma kuupumzisha mguu wa mbele, nafasi nzuri imekwisha pita.

Wakati daktari yuko njiani, miguu yote minne iwekwe kwenye barafu: ile ya wavuvi inafaa sana, ikichanganywa na maji kwenye ndoo pana au mifuko mizito iliyofungwa mguuni, ifike juu ya ukwato mpaka chini ya goti. Maji ya bahari peke yake hayana ubaridi wa kutosha. Inaendelezwa saa 48, barafu ikiongezwa kila inapoyeyuka. Asitembezwe. Asimame juu ya mchanga safi wa kina cha sentimita 15 au zaidi, ambao hujaa chini ya wayo na kuushikilia ule mfupa wa ndani usizame.

Nafaka zote ziondolewe, lakini usimnyime chakula. Punda akikaa njaa ghafla, hasa mnene, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na hilo peke yake linaua. Mpe nyasi kavu na maji. Akitaka kulala, mwache alale. Na gunia lililobaki lihamishwe leo, likae kwenye chumba chenye kitasa.